Kaburi Langu Linazaa Ndizi

Kaburi langu liko Bulengera, mtaa wa Butembo, nyuma ya jiko, kati ya ukuta wa jirani na kamba ya kuanikia nguo. Si watu wengi walio hai wanaoweza kusema hivyo. Limeota mgomba, mgomba umezaa wenzake, na majirani wanaojua habari yake hawathubutu kula ndizi zile, hata zikiiva mpaka ndege wakazitoboa. Mimi nazila. Kaburi ni langu, nimwogope nani?

Lakini habari yenyewe haikunifikia Bulengera. Ilinifikia majini, mchana kweupe, katika mtumbwi wa watu, na aliyeisimulia hakujua kwamba mwenye msiba ameketi mbele yake anatafuna samaki.

Tulikuwa tumetoka Katwe, upande wa Uganda, jua likiwa bado halijashika nguvu. Ulikuwa mtumbwi mrefu wa mbao wenye mota nyuma, umejazwa magunia ya chumvi hata sisi abiria tukawa nyongeza tu. Mwenyewe aliitwa Jéthro, Mnande kama mimi, mtu wa maneno machache. Alitupanga kwa uzito, si kwa umri wala kwa heshima, akaniweka mbele kabisa kwa sababu nilikuwa nimekonda. Alisema tungefuata ukingo siku nzima, tupite Kasindi pale inapogusa ziwa, kisha Ishango, na jioni tushukie Kyavinyonge. Katikati ya ziwa hakuendwi, alisema, huko askari wa kila upande wanapiga risasi kwanza halafu ndipo wanauliza jina. Na barabara ya Kasindi kwenda Beni ilikuwa imefungwa tena wiki ile. Vita vilikuwa na mtindo huo: vinafunga mlango, vinaacha dirisha wazi, halafu vinakungoja dirishani.

Nilikuwa narudi nyumbani baada ya kupotea mwaka mzima na sehemu ya mwaka mwingine. Mzigo wangu ulikuwa furushi la nguo, bonge la chumvi ya jiwe nililokuwa nampelekea mume wangu Paulin, na mguu wa kushoto uliokuwa umekataa kukunjika. Katika mtumbwi ule hapakuwa na mtu aliyenijua. Upweke nilikuwa nimeuzoea Katwe, nimelala nao na kuamka nao, lakini siku ile uliniuma upya, kwa sababu nilikuwa naelekea mahali ulipopaswa kuishia na sikuwa na hakika kama mahali hapo bado papo.

Kabla ya hapo nilikuwa muuza samaki. Nilikuwa nateremka kutoka Butembo hadi Kyavinyonge, nanunua samaki waliokaushwa, napanda nao mlima kurudi sokoni. Siku moja nikiwa pale ufukweni risasi zikalia kutoka mlimani, nyingine zikajibu kutoka majini, na sisi tuliokuwa katikati hatukungoja kuambiwa nani ni nani. Tulikimbilia mitumbwi. Ule nilioparamia mimi ulibeba watu kupita kiasi, ukapinduka watu wa nchi kavu wakiona kwa macho yao. Waliporudi Butembo walisema kweli tupu: mtumbwi ulizama na watu wake. Hawakuona kwamba mtumbwi mwingine ulinigonga, ukanibana mguu kati ya mbao na mbao, na mkono wa mtu nisiyemjua ukanivuta kwa kitenge changu. Nilipopata fahamu nilikuwa Uganda. Nilipoweza kusimama nilikwenda kukwangua chumvi kwenye mabwawa ya Katwe, nipate cha kula na nauli. Salamu nilituma, tena mara nyingi, kwa kila mfanyabiashara aliyesema anavuka. Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia, na salamu ya mdomo wakati wa vita ni maji kwenye kikapu.

Basi tulifuata ukingo. Kulia kwetu kulikuwa na nyika ya mbuga, majani makavu hadi upeo wa macho, na kushoto maji matupu. Zamani mahali pale viboko walikuwa wengi hata wavuvi wakipiga kelele kuomba njia. Sasa tulipita hori baada ya hori bila kuona hata sikio moja likitikisika juu ya maji, maana askari walikuwa wamewala. Ndege walibaki, wale wakubwa weupe wenye mfuko chini ya mdomo, wamejipanga kwenye mchanga kama watu waliowahi mapema kanisani. Mbele yetu, mbali sana, milima ya kwetu ilionekana ya samawati. Niliitazama mpaka macho yakaniwasha. Nilijaribu kukumbuka sauti ya Paulin, na kwa hofu yangu nikaona naukumbuka mwendo wake na mikono yake na harufu ya koti lake, lakini sauti haiji.

Kasindi ya ziwani tulimpakia mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye kapu la samaki na mdomo usiopumzika. Jina lake Syauswa. Alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, anauza chumvi huku ananunua samaki kule, na kwa wiki kadhaa alikuwa amekwama Kasindi akingoja barabara ifunguliwe. Alikaa juu ya gunia lililonielekea, akanikatia kipande cha samaki bila kuniuliza kama nina njaa, akauliza natoka wapi. Nikamwambia Katwe. Akauliza nakwenda wapi. Nikamwambia Butembo. Hakuuliza zaidi na mimi sikuongeza. Tulikuwa tumeshajifunza, miaka ile, kujibu nusu ya swali na kuiacha nusu nyingine ndani ya nguo.

Ishango ndipo maji ya ziwa yanapopata mlango wa kutokea, yakawa mto Semuliki na kuondoka zake kwenda kaskazini. Askari walitusimamisha pale. Walimtaka Jéthro ashuke akaeleze chumvi yake, na sisi tukaachwa juani, mtumbwi umefungwa kwenye kigingi, mkondo ukiuvuta taratibu kama mtoto anayevuta nguo ya mama yake. Mtu akikalishwa hivyo, lazima atafute la kusema. Syauswa alichovya mkono majini, akautazama.

"Maji hii inakulaka batu," alisema. "Kuko mwanamuke moja wa kwetu Bulengera, muke wa Paulin. Alikufaka humu mu ziwa, mwili haikuonekana. Bakazika mugomba, sawa vile desturi inaombaka. Sasa, mama, ule mugomba iliota."

Samaki alinikwama kooni. Nilikohoa, na Syauswa akanipigapiga mgongoni, kwa wema kabisa, akaendelea.

Kwetu mtu aliyekufa asipatikane mwili hawezi kuachwa hivi hivi, jina lake likizungukazunguka nyumba kama mgeni asiyekaribishwa. Unakatwa mgomba, unafungwa katika kitenge chake, unalazwa kaburini, watu wanalia, wanakula, wanaondoka. Mgomba ukishaoza mambo yamekwisha, na mume anaweza kutafuta mke mwingine bila mtu kumnyooshea kidole. Kuukata ni kazi ya ndugu wa mume. Na hukatwa juu, gogo tupu, shina na mizizi yake vikabaki shambani. Kitakachozikwa hakitakiwi kuwa na njia ya kurudi. Hilo halifundishwi na mtu, ni la kuzaliwa nalo.

Mazishi yangu, alivyoyasimulia Syauswa, yalikuwa ya heshima. Mchungaji alikataa kusoma Biblia juu ya mgomba, akasema ni mambo ya kipagani, lakini chakula kilipopakuliwa alikuwapo. Shemeji yangu Muyisa alikuwa amekwisha kulinoa panga lake, ndipo Paulin akasema kazi ile ataifanya yeye mwenyewe. Watu walimwachia, wakaona ni uchungu. Aliingia migombani peke yake, akakaa huko hata wakataka kumfuata, akatoka amebeba kitu kimeshafungwa katika kitenge changu cha njano. Alikataa kusaidiwa. Alikiteremsha kaburini mwenyewe, akafukia mwenyewe, na ilipokuja mvua ardhi ikapasuka, likatoka jani.

"Bazee banasema ni kosa," alisema Syauswa. "Banasema kilio ilimukoroga kichwa, akakata mubaya, akaacha muzizi. Muyisa alitaka kuung'oa azike ingine, lakini Paulin anakaa pale na panga, anakataa mutu asiuguse. Basi bamemuacha tu, maskini."

Nilimwuliza huyo Paulin anafanya kazi gani.

"Ya ndizi, mama. Bulengera yote bakiwa na migomba mugonjwa, ni yeye banamuitaka."

Alisema hivyo akarudi kwenye samaki wake. Hakuona alichokisema. Mimi nilikiona. Nilikuwa nimeishi na mtu yule tangu nikiwa msichana. Nilimwona akikata migomba mvua inanyesha, akiwa na homa, siku aliyomzika mama yake. Paulin hakuwahi kukata mgomba vibaya. Alikuwa amechimba. Alikaa kule muda mrefu kwa sababu alikuwa anachimba, analitoa shina zima na mizizi yake bila kuijeruhi, anafuta udongo usionekane, na ukoo wote umesimama uani unamlia mkewe. Walimtaka anizike akakubali, halafu akanizika kwa namna ambayo ningeweza kurudi.

Nilimpenda mume wangu siku ile kuliko siku ya arusi yetu. Nililia, uso nimeuelekeza majini. Ningeweza kumwambia Syauswa pale pale, lakini kusema kweli sikutaka. Jambo lile lilikuwa la watu wawili, na mmoja wao hakuwapo. Niliona nitalisema mara moja tu, uani kwangu, kwa mtu anayestahili kulisikia.

Jéthro alirudi, gunia moja la chumvi likabaki na askari, tukaendelea. Alasiri yote ziwa lilikuwa limetulia. Milima ilikuwa imeacha kuwa ya samawati, sasa ilikuwa ya kijani, na niliona mashamba yakining'inia juu yake, na moshi wa watu wanaopika. Nilijifunga kitambaa upya. Nililowesha pembe ya kanga nikanawa uso, nikajaribu mguu wangu chini ya gunia, ukunjike walau kidogo, ili Paulin asinione nachechemea kabla hajaniona mimi. Hofu moja tu ilikuwa imebaki: kwamba wazee wangemshinda, wakaung'oa mgomba kabla sijafika, naye akakata tamaa. Kila mara mota ilipokohoa nilidhani tutalala njiani.

Tulishuka Kyavinyonge jua likiwa bado juu ya mlima. Korongo walikuwa wanagombania matumbo ya samaki pale pale nilipopandia ule mtumbwi uliozama. Syauswa alinisaidia kushuka kwa sababu ya mguu, akaniambia tumesafiri siku nzima wala hajaniuliza jina.

"Kyakimwa," nilisema. "Muke wa Paulin. Wa Bulengera."

Hakupiga kelele. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza kwa vidole taratibu, vile mtu anavyobonyeza ndizi sokoni kujua kama imeiva. Alibonyeza tena mahali pengine. Kisha akaketi mchangani, kapu likiwa bado kichwani.

"Na mimi nilikulaka ku matanga yako," alisema.

Nilimjibu kwamba namshukuru kwa kuja. Tulicheka sote wawili, machozi yakitutoka, watu wakitushangaa. Alinilaza kwa binamu yake usiku ule, na asubuhi akanitafutia nafasi katika gari la samaki linalopanda Butembo kupitia Kyondo, akanivika shali yake kwa sababu huko juu ni baridi.

Nilifika nyumbani watu wakiwa wanatwanga sombe, majani ya muhogo. Tamar, binti yetu, alikuwa uani. Alikuwa amerefuka. Aliniona, akasimama, wala hakunikimbilia. Alirudi nyuma pole pole mpaka mgongo wake ukagusa mgomba, akaushika kwa mkono mmoja. Ndivyo nilivyoliona kaburi langu kwa mara ya kwanza, binti yangu akiwa amejificha ndani ya majani yake kwa kuniogopa mimi.

Muyisa alitoka, akanisimamisha kwa kiganja. Mtu aliyekwisha kuliliwa haingii kwa mlango wa mbele, alisema. Walinimwagia maji miguuni, wakanipitisha jikoni, nikaguswa na kila mzee. Niliwaacha wafanye. Macho yangu yalikuwa yanamtafuta Paulin, kwanza kwenye watu, kisha kwenye msumari wa ukutani anapotundika koti lake. Koti la Jumapili lilikuwapo. La kazi halikuwapo.

"Mama Tamar," alisema Muyisa, "alikwenda kukutafuta. Mugomba ilipopita urefu yake, akasema muke yangu anaishi. Akashuka ku ziwa."

Nilimwuliza kama hakumzuia.

"Nilimuzuia. Nilimuambia: Paulin, ni wewe mwenyewe uliacha muzizi, mimi nilikuona unachimba. Akaniambia: ndiyo, ni mimi nilichimba. Lakini hapana mimi niliuotesha."

Basi. Mtu anaweza kujidanganya kwa mikono yake miwili, udongo ukiwa kwenye kucha, kisha mvua ikanyesha akaamini. Sikumcheka wakati ule na simcheki leo.

Alikuwa ameshika ukingo wa kusini, akiuliza kijiji hadi kijiji kama kuna mwanamke wa Bulengera aliyeokolewa majini. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kaskazini. Mtu mmoja alimwona huko Kamandi, akinywa chai. Mwingine alisema alimpakia kuelekea Vitshumbi, kisha akasema labda alikuwa mtu mwingine. Wiki ile kulikuwa na mapigano huko. Nilishuka ziwani tena na tena, mguu huu ukiniuma, nikapanda mitumbwi ya watu, nikafuata kila hori aliloweza kufuata. Jéthro alinipeleka mara nyingi bila kudai kitu. Hakunifariji kwa maneno. Alikuwa anazima mota karibu na kila ufukwe ili niweze kuita, nami niliita, na baada ya muda alikuwa anaiwasha tena.

Miaka ilikwenda. Askari walibadilisha kofia, wakabadilisha tena, ikatangazwa redioni kwamba vita vimekwisha. Tamar akapata mchumba wa Beni, kijana wa watu wa kanisa. Ndipo Muyisa, mvi zikiwa zimemjaa, akaja na wazee wakakaa sebuleni kwangu, wakaongea habari za mvua kwa muda mrefu. Nilijua walichokuja nacho. Mbuzi wa mahari hawawezi kupokelewa kwa jina la baba ambaye hayuko hai wala hajafa. Paulin lazima azikwe, alisema Muyisa, na aliinamisha uso aliposema.

Sikubishana nao. Tamar alikuwa na haki ya arusi yake. Nilisema tu kwamba mgomba nitaukata mimi. Mzee mmoja akataka kusema kwamba si kazi ya mwanamke, Muyisa akamwekea mkono gotini.

Asubuhi ya siku yenyewe nilipita jikoni, nikaliacha panga mlangoni, nikachukua jembe. Nilichagua chipukizi lililosimama vizuri, hapo hapo juu ya kaburi langu, nikachimba kulizunguka kama nilivyokuwa nimemwona yeye akifanya, mbali kidogo, bila kuijeruhi mizizi. Ilinichukua muda. Mbele ya nyumba walikuwa wanalia. Nililifunga katika lile koti la Jumapili, nikafunga vifungo vyote, nikatoka nimelibeba begani. Udongo ulikuwa unamwagika kutoka kwenye mkono wa koti njia nzima. Muyisa aliutazama, akautazama tena, kisha akageuza uso na kuanzisha wimbo kabla ya wakati wake.

Mbuzi waliletwa. Tamar aliolewa, akahamia Beni. Nyumba ikawa na sauti ya saa ya ukutani, sauti ambayo miaka yote sikujua kwamba ipo. Nilikuwa nanywa chai nimesimama mlangoni pa jiko, nikiyatazama makaburi yetu, moja limejaa majani, jingine udongo mtupu. Kiangazi kilipita. Mvua zikaanza.

Asubuhi moja likatoka jani, limejikunja bado, lina ncha. Nilijua ni kwa nini. Shina na mizizi yake nilivizika mwenyewe, kwa mikono yangu, na Muyisa aliniona. Niliweka kikombe chini, nikaingia ndani, nikavaa viatu vyangu vya safari.